Asali Niliyoitangaza Kabla ya Msimu

Ninyi mnaobaki pale dukani mmenisumbua tangu siku niliyowaachia funguo. Andika, mama, andika. Haya, nimeandika. Sitasema nilipanda cheo lini wala nililipwa nini, kwa kuwa hayo hayatawasaidia na mengine nimeyasahau kwa hiari. Nitasema nilivyoingia kwenye kazi ya kutangaza biashara za watu kwenye intaneti hapa Korogwe, aliyenifundisha, na kosa moja ambalo wengi wenu hamkuwahi kulisikia. Waliolijua hawakulitangaza, na mimi nilinyamaza pamoja nao.

Nilianza kama mpiga chapa kwenye ofisi ya shamba la mkonge, upande wa Hale. Siku yangu ya kwanza karani mkuu alinipa barua ya kupiga nakala tatu. Kwa woga niliiweka karatasi ya kaboni kinyume, barua yote ikajipiga mgongoni mwake yenyewe. Karani aliinua karatasi dirishani, akaisoma kwa nyuma mpaka mwisho, akasema, "Umekosea neno 'wasalaam'. Rudia." Kuhusu kaboni hakusema kitu. Nilikaa naye miaka tisa na sikumsikia akipandisha sauti hata mara moja. Nikikumbuka ofisi ile nakumbuka harufu ya wino wa utepe, na majani ya mkonge yakipita kwenye trela nje ya dirisha, mchana kutwa.

Halafu ikaja enzi ya ruksa, biashara huria ikaruhusiwa, mashirika ya umma yakaanza kuuzwa. Shamba letu likapata mwenyewe mpya aliyetaka watu wachache. Siku ya kugawana vitu vya ofisi wenzangu walichukua makabati na viti, mimi nikaomba taipureta. Nilirudi nayo Korogwe nimeipakata mapajani kama mtoto mgonjwa. Nikapanga chumba karibu na stendi, ukutani nikaandikisha: MAMA ZUHURA, TUNAPIGA CHAPA.

Wakati huo kila mtu alikuwa anaanzisha kitu. Aliyekuwa mwalimu alifungua gesti, aliyekuwa bwana shamba akaleta mashine ya kusaga, na mitumba ilimwagwa kila kona. Wote hao walihitaji karatasi: maombi ya leseni, katiba za vikundi, mikataba ya viwanja. Nilipiga chapa mpaka vidole vikawa na sugu. Baadaye nikapata mashine ya fotokopi, na baadaye zaidi kompyuta iliyokwisha kutumika ofisi fulani Dar es Salaam. Miezi minne ya kwanza niliitumia kama taipureta yenye taa.

Aliyenitoa hapo ni Rehema. Nyinyi mnamjua kwa picha iliyo ukutani, yule mwembamba mwenye kilemba cha njano. Alikuwa amesoma mambo ya kompyuta Dar, akarudi Korogwe kumuuguza mama yake. Siku moja aliingia kutoa nakala ya cheti. Aliponiona nabonyeza kitufe cha nafasi mara arobaini ili kichwa cha habari kikae katikati, alishindwa kuvumilia.

"Shikamoo, mama. Samahani, mama. Naomba nikuoneshe kitu."

Alibonyeza mara moja, kichwa kikaruka katikati. Nilimtazama kama mtu aliyefungua mlango uliokuwa ukutani kwangu miaka yote. Rehema alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kumi na minane. Aliniamkia kila asubuhi kwa heshima zote, kisha akanigombeza kutwa nzima. Mimi nilimwita mwalimu.

Alinifundisha kutengeneza tovuti kwenye daftari la mistari, kwa kalamu, kwa kuwa umeme ulikatika mara kwa mara na laini ya simu ilikuwa ghali. Kila amri ilikaa ndani ya mabano yenye ncha, na kila kilichofunguliwa kilitakiwa kufungwa. Nikisahau kufunga aliandika pembeni kwa wino mwekundu: "Mama umeacha mlango wazi, mbuzi wameingia." Nikishamaliza kwenye daftari ndipo nilipoandika kwenye kompyuta. Nikahifadhi kwenye flopi mbili, zile diski bapa, maana moja lazima ingeharibika, ndipo tukaunganisha simu na kuipandisha kazi kwenye intaneti.

Hiyo simu tuliichangia na jirani yetu, wakala wa mabasi. Modemu, kisanduku cha kuiunganisha kompyuta na simu, ilikuwa inalia kwanza, kisha inakoroma, kisha inanyamaza, na ikinyamaza ndipo tulipojua tumefika. Sasa ole wetu wakala ainue mkono wa simu kwake. Kila kitu kilikatika, tukaanza upya. Alikuwa anapiga kelele kutoka upande wa pili wa ukuta, "Mama Zuhura, mbona humu kuna paka?" Nilimbembeleza kwa chai na maandazi mpaka akakubali kuuza tiketi bila simu kwa nusu saa kila siku ya Jumatano. Kwa hiyo tovuti za Korogwe zilizaliwa Jumatano.

Mteja wa kwanza alikuwa Mzee Mdoe, mwenye gesti ya vyumba vinane njia ya kwenda Mombo. Alikuja na picha moja, yake mwenyewe, amevaa suti. Rehema akamwomba picha za vyumba. Mzee Mdoe akasema vyumba vyote duniani vinafanana, tofauti ni mwenye nyumba. Tulibishana siku mbili. Mwisho suti ikakaa juu, vyumba vikakaa chini, na kwa laini za enzi zile ile suti ilichukua dakika tatu kushuka, kuanzia nywele. Kila asubuhi alipita kuuliza, "Wameingia wangapi?" Siku mgeni wa kwanza alipofika mlangoni kwake ameshika ukurasa ule uliochapishwa, mzee hakumpa chumba kwanza. Alimleta dukani kwetu na begi lake mgongoni, tumwone.

Mambo yakaenda. Rehema na mimi tukapata fundi vitanda, mwenye mashine ya kukamua alizeti, na kikundi cha kwaya kilichouza kanda. Sifa zikavuka hadi Handeni. Ndivyo alivyokuja Mama Mwanahamisi.

Alitoka Mazingara, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kumi na wawili waliofuga nyuki. Alinizidi umri kidogo, na alizungumza polepole, kama mtu anayepima unga. Aliweka kidumu cha asali mezani.

"Onja kwanza," akasema. "Usitangaze usichokijua."

Nikaonja. Ilikuwa nyeusi kidogo, na mwishoni ilikuwa na uchungu mdogo wa maua ya porini. Sijapata kuonja asali kama ile tena. Wiki iliyofuata nilikwenda kwao kupiga picha. Nilipanda basi hadi Mkata, nikapata lori la mahindi, kipande cha mwisho nikatembea. Walikuwa na mizinga thelathini ya kisasa, ile ya masanduku, na kibanda safi cha kukamulia. Walinionesha kila kitu. Waliniambia wanavuna baada ya masika, maua yakishapita na nyuki wakishayafunika masega kwa nta. Kabla ya hapo hawagusi. Niliandika yote kwenye daftari, na daftari hilo bado ninalo.

Niliporudi nikaandika ukurasa wao kwa Kiingereza, maana wanunuzi tuliowatafuta walikuwa wa mbali. Nilipofika kwenye habari za msimu, niliona maneno yale ni madogo. Madumu machache, mara moja kwa mwaka. Nani atanunua kwa watu wadogo hivyo? Nikaandika kwamba kikundi kinatoa asali kwa kiasi chochote, mwaka mzima.

Rehema alisoma, akaguna. "Mwaka mzima, mama? Hao nyuki wameajiriwa?"

"Hiyo ni lugha ya biashara," nikamwambia.

"Akina mama wenyewe wamesoma?"

"Wangesomaje? Ni Kiingereza."

Ilikuwa Jumatano, wakala alikuwa ameshakunywa chai yake. Tukapandisha.

Mwezi wa kwanza mwaka uliofuata ikaja barua pepe. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam, mwenye duka la vyakula, alitaka madumu arobaini kabla mwezi wa pili haujaisha. Nilirukaruka dukani kama msichana. Nikatuma salamu kwa kondakta wa basi la Handeni, na baada ya siku tatu Mama Mwanahamisi alikuwa amekaa mbele yangu. Nikamsomea.

"Mwezi wa pili nyuki hawana kitu," akasema. "Wanakula akiba yao. Huyu mtu amejuaje kwamba tunayo?"

Hapo ndipo ninapotaka msimame na mimi, wadogo zangu. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Rehema alikuwa amesimama nyuma yangu na fotokopi ilikuwa imezimwa, hapakuwa na kelele ya kujifichia. Nikasema, "Ndivyo wanunuzi walivyo, mama. Ukimwambia huna, anakwenda kwa mwingine, na harudi."

Mama Mwanahamisi alikunja ile karatasi mara nne, akaiweka kwenye pindo la khanga. "Basi nitawauliza wenzangu," akasema.

Wenzake walitaka. Ni nani asingetaka? Walivuna masega ambayo hayajafunikwa, wakakamua mpaka akiba ya nyuki wenyewe, wakajaza madumu thelathini na moja. Asali mbichi ina maji mengi. Ndani ya majuma machache ilichacha. Yule mwenye duka alirudisha madumu yote, vifuniko vimevimba na povu linatoka pembeni, akatuma na barua pepe iliyosema kwamba watu wa Mazingara ni matapeli wanaotia maji kwenye asali.

Barua hiyo niliisoma mimi kwanza, kwenye kioo cha kompyuta. Sikula siku ile. Rehema hakunisuta. Alisema tu, "Mama, nenda," na nauli akaitoa kwenye mkoba wake kabla sijafungua droo.

Nilichokikuta Mazingara kilikuwa kibaya kuliko barua. Mizinga kumi na tisa ilikuwa mitupu, nyuki wamehama baada ya kunyang'anywa chakula katikati ya kiangazi. Na akina mama walikuwa wamegawanyika. Asali iliyotiwa maji huchacha, kila mtu analijua hilo, nao hawakuwahi kukamua masega mabichi, kwa hiyo walitafuta aliyetia maji. Walimpata Hadija. Alikuwa mdogo kuliko wote, ameolewa pale miaka miwili tu, na ndiye aliyekuwa na ufunguo wa kibanda wiki ile. Walimtoa kwenye kikundi. Mama mkwe wake alikuwa amemwambia hadharani kisimani kwamba ameleta aibu mlangoni kwao.

Waliniita kibandani, wakakaa kwenye mikeka. Madumu yamepangwa ukutani, na harufu ya kuchacha ilikuwa inauma macho. Nilikuwa nimetayarisha hotuba ndani ya basi. Yote ikapotea.

"Shikamooni, mama zangu," nikasema. "Hadija hakutia maji. Hakuna aliyetia maji; asali iliyovunwa kabla ya wakati huchacha yenyewe. Kosa ni langu."

Nikawatolea ule ukurasa. Nikasoma sentensi yangu kwa Kiingereza kama ilivyo, kisha nikaitafsiri kwa Kiswahili, neno kwa neno. Kiasi chochote. Mwaka mzima. Mama mmoja aliyekuwa pembeni akawatafsiria kwa Kizigua wawili waliokuwa wazee zaidi, na nikalazimika kuisikia mara ya tatu kwa lugha nisiyoijua vizuri, nikiwatazama nyuso zao zikibadilika.

Mama Mwanahamisi ndiye aliyeanza. "Nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza mtu huyu amejuaje."

"Uliniuliza, mama."

"Ukanijibu nini?"

Nikarudia nilichomjibu. Hakuniacha niruke hata neno.

Mwingine, Mama Asha, alisimama akaanza kupiga kelele. "Kwa hiyo sisi tumemfukuza mtoto wa watu bure? Nimemwita mwizi mimi! Kwa mdomo wangu huu!" Alikuwa ananitazama mimi, lakini machozi yalikuwa ya Hadija.

Nikaomba nipelekwe kwake. Mama Mwanahamisi alikataa kwanza. Alisema anayekwenda kuomba radhi kwa Hadija asiwe mgeni peke yake, maana waliomtukana si wageni. Tukaenda wote kumi na wawili, mimi nikiwa wa mwisho kwenye mstari. Hadija alikuwa anapepeta mahindi uani. Mama mkwe wake alikuwepo, na Mama Mwanahamisi alihakikisha anasikia kila neno. Nikasema tena yote. Hadija hakuacha kupepeta mpaka nilipomaliza.

"Nimesikia," akasema. Basi. Akachukua ungo wake, akaingia ndani.

Nilirudi Korogwe nikajua kwamba kazi hii inaweza kumvunjia mtu nyumba akiwa kilomita nyingi kutoka kwenye kompyuta. Nilimwandikia mwenye duka barua ndefu, nikamweleza kwamba akina mama hawakumdanganya, aliyemdanganya ni mwandishi. Hakujibu. Nikaubadilisha ukurasa. Halafu mimi na Rehema tukaweka utaratibu ambao mnaulalamikia mpaka leo kwamba unachelewesha kazi: hakuna kinachopandishwa mpaka mwenyewe asomewe kila sentensi kwa lugha anayoota nayo usingizini, na atie sahihi au dole gumba kwenye nakala. Wateja wengine walituona wapumbavu. Mwenye alizeti aliniuliza kama namshuku. Nikamjibu najishuku mimi.

Rehema aliondoka mwaka ule, baada ya kumzika mama yake. Alipata kazi Tanga. Siku ya kuaga aliniamkia kama kawaida, kisha akachukua daftari langu, akakagua ukurasa wa mwisho, akatafuta kosa, hakupata. Alionekana kama mtu aliyesikitika kidogo. Mpaka leo tunaandikiana, naye bado ananisahihisha.

Masika ikaja, ikapita. Nyuki wengine walirudi Mazingara, wengine hawakurudi. Sikutegemea kuwaona tena wale akina mama. Lakini siku moja ya mwezi wa kumi na moja, wakati wa joto kali, Mama Mwanahamisi aliingia dukani, na nyuma yake aliingia Hadija, amejifunga khanga mpya, amebeba mkoba wa shule.

"Huyu ndiye katibu," Mama Mwanahamisi akasema. "Amemaliza darasa la saba, anaandika vizuri. Tumeamua barua zetu atazijibu mwenyewe. Umfundishe."

Nilisema nitamfundisha. Nilitaka kusema na mengine, lakini Hadija alikuwa ameshavuta kiti changu, kile cha mbele ya kompyuta, akakaa. Mimi nikabaki na kiti cha wateja.

Ilikuwa imekuja barua pepe ya mnunuzi mwingine, mwenye hoteli Arusha, aliyeuliza kama anaweza kupata asali kabla ya mwaka mpya. Nilimwonesha herufi zilipo, alama ya nukta, kitufe cha kurudi nyuma. Aliandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kama anayechagua mchele. Kwa Kiswahili. Ilichukua karibu nusu saa, na wakala alikuwa anagonga ukuta akitaka simu yake.

Alipomaliza nikasoma kwenye kioo:

"Asali haijaiva. Tunavuna baada ya masika. Ikiiva tutakuandikia."

Ilikuwa kavu mno. Mazoea ya miaka yakanishika. "Labda uongeze," nikasema, "kwamba yenu ni asali bora kuliko zote za Handeni."

Hadija aligeuka akanitazama. Hakukasirika. "Za Handeni zote umezionja, mama?"

"Sijazionja."

Akarudi kwenye kioo. Akatafuta herufi H, kisha A, akaandika jina lake lote chini ya barua, na la baba yake. Aliuliza kitufe cha kutuma ni kipi. Nilinyoosha kidole, nikaurudisha mkono wangu mapajani, akabonyeza mwenyewe.